Nyumba ya Kuundwa

Wahenga walinena kwamba samaki mkunje angali mbichi. Methali hii sote tunaijua, maana walimu na wazazi hawachoki kutukumbusha. Lakini katika kiwanja cha ami yangu, anayeunda vyombo hapa Lamu, methali hii haihusu watoto. Inahusu miti. Fito mbichi huutii mkono. Ukiipinda leo na kuifunga, baada ya siku kadhaa itakauka katika umbo ulilolitaka. Iache ikauke kwanza halafu uilazimishe, itakatika ka! na wewe utabaki na vipande viwili vya kuni.

Mpenzi msomaji, sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili hupenda kujisifu kwamba lugha yetu ni bahari. Basi tuitazame jambo moja tu katika bahari hiyo. Kwa Kiswahili nyumba hujengwa, lakini chombo huundwa. Hutamsikia fundi wa Matondoni akisema anajenga jahazi, la hasha! Atasema anaunda. Kwa jinsi ninavyoona mimi, tofauti hii si ya maneno matupu. Kujenga ni kuweka kitu juu ya kitu: jiwe juu ya jiwe, tofali juu ya tofali, mpaka uzito wenyewe ushikilie ukuta. Kuunda ni kuunganisha vipande vyepesi hata kila kipande kimshike mwenzake, na vyote kwa pamoja viweze kuhimili mawimbi. Katika makala haya nataka kueleza jinsi tulivyojaribu kuunda nyumba badala ya kuijenga, na kwa nini.

Sababu ni bibi yangu, mzaa mama. Bibi anaishi kando ya Mto Tana, upande wa chini karibu na bahari, na analima mpunga na ndizi. Anaishi na mjukuu wake mmoja wa miaka tisa. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 yaliiangusha nyumba yake ya udongo. Akakandika nyingine. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yakaiangusha hiyo nayo. Nyumba ya kukandika haina kosa lolote wakati wa kiangazi. Ni baridi na ni rahisi. Shida ni kwamba maji yakisimama chini ya ukuta kwa siku tatu, udongo hulainika kama uji, na nguzo zinabaki zimesimama uchi kama mbavu za ng'ombe aliyekonda.

Mara zote mbili Bibi alilala wiki nyingi chini ya turubali lililotundikwa juu ya vijiti vinne. Upepo ukija turubali linapiga pa! pa! usiku kucha. Mvua ikinyesha maji yanajaa katikati kama beseni, na mtu lazima aamke ayasukume kwa ufagio. Mama alipokwenda kumwona alirudi akilia. Watu wazima wakakaa kikao nyumbani kwetu, wakakata shauri Bibi ahamie Lamu moja kwa moja. Yeye akakataa katakata. Kwenye simu nilimsikia akimwambia Mama, "Mwanangu, mto huu unanila nyumba, lakini ndio unaonilisha. Maji yakiondoka yanaacha tope, na tope ndilo mpunga. Nikija huko Lamu nitalima wapi, barazani?"

Mama alinyamaza. Nami nikafikiri, kumbe swali si namna ya kumtoa Bibi mtoni. Swali ni namna ya kumpa nyumba inayojua kuhama kama yeye anavyohama: maji yakipanda, inafunguliwa na kupandishwa kwenye kilima, yakishuka, inarudi.

Nililipeleka swali hilo kwa Ami. Kiwanja chake kiko ufuoni, na kila likizo mimi hupeleka chakula cha mchana pale. Mafundi wengine walinicheka. "Binti na vyombo, wapi na wapi?" Ami hakucheka. Aliniambia, "Kaa hapo. Kwanza utazame chombo kinavyosimama, halafu utaniuliza habari za nyumba."

Nikakaa, nikatazama. Chombo huanza na mkuku, yaani ule mti mrefu wa chini ambao ni kama uti wa mgongo. Mbele huinuliwa mti wa omo na nyuma mti wa tezi. Mbao za ubavuni hufuata, na ndani yake mataruma, yaani mbavu. Kwa mataruma mafundi hupenda mti wa mlilana, na hutafuta tawi ambalo limejipinda lenyewe msituni, kwa sababu nyuzi za mti zikifuata mpindo, mti hauvunjiki kirahisi. Kabla ya kupigilia msumari, tundu hutobolewa kwanza kwa keekee ili ubao usipasuke. Mwishoni hufuata kalafati: pamba iliyotiwa mafuta hupigwa kwa nyundo na patasi ndani ya kila upenyo baina ya mbao. Tunaposema asiyeziba ufa hujenga ukuta, fundi wa vyombo hana hata nafasi ya kujenga ukuta. Asiyeziba ufa huzama.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba ubao wa jahazi ni mwembamba kuliko nilivyodhani. Nikamuuliza Ami, mbona bahari haiupasui? Akachukua karatasi kutoka daftari langu, akaishika kwa ncha moja. Ikalegea na kuanguka kama ulimi wa mbuzi. Kisha akaikunja kidogo iwe na mpindo kama mfereji, akaishika tena kwa ncha ile ile. Ikasimama wima mbele, haikulegea. "Unaona? Karatasi ni ile ile. Nguvu iko kwenye mpindo." Jaribu hapo ulipo, msomaji, uone.

Nilianza kusoma kuhusu jambo hili. Zamani mafundi wa pwani yetu hawakutumia hata misumari. Mtepe, chombo kilichosifika sana hapa Lamu, mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi na tanga lake lilikuwa mkeka. Mfano wake umo katika Jumba la Makumbusho hapa mjini. Ushonaji huo ni wa kale mno. Kitabu kimoja cha Kigiriki cha karne ya kwanza, kiitwacho Periplus, kinautaja mji wa biashara katika pwani ya Afrika Mashariki uitwao Rhapta, na kinasema jina hilo lilitokana na mashua za kushonwa. Chombo cha kushonwa kilikuwa na faida yake: kikigonga mchanga hukubali kujinyumbua kidogo, na kamba ikilika hubadilishwa.

Kisha mwalimu wetu wa Historia akanipa kisa kingine, cha mbali sana na kwetu. Mwaka 1915 meli ya Ernest Shackleton, iliyoitwa Endurance, ilipondwa na barafu katika bahari ya Weddell kule Antaktika. Mabaharia wakaokoka kwa mashua tatu, na mwezi Aprili 1916 wakafika kisiwa kitupu kiitwacho Elephant Island. Shackleton na wenzake watano wakaondoka kwa mashua moja kwenda kutafuta msaada. Watu 22 wakabaki. Hapakuwa na mti hata mmoja. Wakajenga vijiukuta vifupi vya mawe, wakazipindua mashua mbili zilizobaki juu yake, wakaziba pembeni kwa vitambaa vya matanga, wakaishi humo zaidi ya miezi minne katika baridi na dhoruba. Tarehe 30 Agosti 1916 waliokolewa, wote 22 wakiwa hai. Niliposoma hayo nilimkimbilia Ami. "Ami, kumbe mashua ikipinduliwa ni nyumba!" Akajibu bila kuinua kichwa, "Si nilikwambia utazame?"

Hapo tukaanza kazi yenyewe. Tuliweka masharti matatu. Kwanza, mtu mzima mmoja na mtoto mmoja waweze kuifungua na kuisimamisha bila fundi. Pili, vipande vyote viingie katika mtumbwi mmoja. Tatu, isihitaji kifaa chochote zaidi ya panga na kisu, maana Bibi hana keekee wala msumeno. Sharti hili la tatu ndilo lililotutoa kwenye misumari na kuturudisha kwenye kamba, kama watu wa mtepe.

Vipimo ni hivi. Urefu mita 3.6, upana mita 2.4, na kimo mita 1.8 katikati. Sakafu yake basi ni mita za mraba 8.64. Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura vinasema kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 za kukaa chini ya paa, kwa hiyo kibanda hiki ni cha watu wawili. Si jumba, na hatutaki kumdanganya mtu.

Umbo lake ni la mashua iliyopinduliwa. Mkuku uko juu: ni pau moja iliyonyooka ya mita 3.6. Chini, kila upande, umelazwa pau mwingine wa urefu huo huo. Baina ya mkuku na pau za chini kuna mataruma, yamepishana kwa sentimita 60, kwa hiyo ni jozi 7, yaani fito 14. Kila upande tena kuna fito tatu za kulala, zinazoyashika mataruma pamoja.

Hapa hesabu za darasani zilinifaa. Kwa kanuni ya Pythagoras, toka chini ya ukuta mpaka mkukuni, ukinyoosha kamba, ni mita 2.16. Lakini taruma limepinda. Tulichukua tao la duara lenye nusu kipenyo cha mita 2.5, na urefu wake ukatoka kama mita 2.24. Tukakata kila fito mita 2.5 ili ibaki sehemu ya kufungia. Pande zote mbili za paa ni mita 4.48. Turubali la kawaida la mita 4 kwa 6 linapita juu na kubakisha sentimita 76 kila upande za kufukia chini ya mchanga, na sentimita 20 kila mwisho. Ndugu msomaji, usiwasikilize wale wanaouliza hesabu za duara zitatusaidia nini maishani.

Kigezo cha kupindia tulikichora mchangani. Ami alichomeka kigingi, akafunga kamba ya mita 2.5, nami nikazunguka na ncha yake nikichora tao kama kwa bikari. Juu ya mstari ule tukapigilia vigingi, kisha tukazibana fito mbichi za mkandaa baina yake, tukaziacha zikauke kidogo kidogo. Fito zenyewe zilinunuliwa kwa mfanyabiashara mwenye kibali, kwa kuwa mikoko haikatwi ovyo. Ikiisha, samaki nao watakwenda zao na bahari itaula ufuo. Uzuri wa kigezo kimoja ni kwamba mataruma yote hufanana, na yakifunguliwa hulaliana kama vijiko katika kabati. Mzigo wote ukawa mdogo kuliko nilivyohofia.

Kufunga ndiko kulikochukua muda. Kuna vifundo 7 mkukuni na vingine 56 pembeni na chini, jumla 63, na kila kimoja hula kama mita moja na nusu ya kamba ya makumbi. Ni karibu mita 95! Ami alinionyesha kwamba kamba hiyo ilowekwe maji kwanza, ifungwe ikiwa mbichi. Mwishoni tukapitisha kamba mbili za mshazari kila ubavu, toka pembe hadi pembe, kwa sababu umbo lenye pembe nne hulala upande likisukumwa, bali pembetatu hailali. Tulipomaliza, Ami alimwita kijana mmoja mnene katika mafundi wake akamwambia ajining'inize mkukuni. Mataruma yalijinyumbua, yakalia kidogo, yakarudi mahali pake. Wale waliokuwa wakinicheka wakaacha kucheka.

Wenzangu darasani waliniuliza kwa nini isiwe nyumba ya kuelea, mafuriko yakija Bibi apande juu tu kama Nabii Nuhu. Nililipeleka wazo hilo kwa Ami. "Mwanangu," akasema, "chombo kikikaa sawa ni chombo. Kikipinduliwa ni nyumba. Ukitaka viwe vyote viwili kwa wakati mmoja, utapata kitu kinachovuja juu na chini." Basi wazo likafa. Akaongeza kwamba maji yakipanda, kazi ya mtu ni kuondoka mapema na si kungoja aone kama kibanda kitaelea.

Adui mkubwa wa kibanda chepesi si mvua, ni upepo. Turubali lililofungwa vibaya ni tanga, na tanga kazi yake ni kusafiri. Ndiyo maana tuliipa nyumba omo na tezi. Upande wa omo umefungwa kabisa kwa makuti ya kumba, na fito mbili zinashuka toka mkukuni hadi kwenye kigingi kilicho mbele, ili upepo upasuke kushoto na kulia. Mlango uko upande wa tezi. Kusi huvuma kutoka kusini kuanzia Aprili mpaka Septemba, na ndani ya miezi hiyo zimo mvua kubwa za masika, kwa hiyo omo huelekezwa kusini. Pau za chini hukazwa kwa vigingi na kulaliwa na magunia ya mchanga. Karibu na mkuku, juu ya mlango, tumeacha nafasi ya kutolea joto, maana turubali peke yake juani ni tanuri. Mahali palipo na makuti ya viungo, huezekwa juu ya turubali, na ndani huwa baridi. Jiko halikai ndani hata siku moja. Makuti na moto si marafiki.

Tulipeleka mzigo kwa Bibi likizo iliyofuata. Ami alimwamkia, "Shikamoo Mama," akaanza kueleza habari za mkuku na mataruma. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akasema, "Hii si mashua, mwanangu. Hii ni nyumba ya mama yangu." Kumbe zamani watu wa mto ule walilala katika nyumba za duara za nyasi zilizosimama juu ya fito za kupindwa, na majirani zao wafugaji, Waorma, nao hupinda fito na kuzifunika kwa mikeka wanapohama na mifugo. Ami aliyekuja kufundisha akakaa chini ya mwembe akafundishwa. Bibi alitwambia tuondoe fundo letu la chini, tuweke lake, ambalo hufunguka kwa kuvuta ncha moja hata kamba ikilowa. Pia alitaka kitanda cha fito chenye kimo cha goti. "Maji yakipungua, nyoka hutafuta pakavu kama mimi," alisema.

Asubuhi ya pili alitufukuza sote tukae mbali. Yeye na yule mjukuu wake wakaifungua nyumba yote, wakabeba vipande mpaka kwenye mtumbwi, wakavirudisha, wakaisimamisha upya. Jua lilikuwa bado halijafika utosini walipomaliza. Mama alisimama kando ameshika tama. Tangu siku ile sijasikia tena kikao cha kumhamisha Bibi.

Sisemi kwamba kibanda hiki kitamaliza taabu za mafuriko. Hakina mahali pa kuweka magunia ya mpunga, na turubali huchakaa kwa jua, lazima libadilishwe. Watu wa mtoni bado wanahitaji kupewa habari za maji mapema na ardhi ya juu ya kukimbilia. Lakini mtu aliyelala pakavu usiku huamka na akili ya kufanya mengine. Na mtu anayejua kuifungua na kuifunga nyumba yake mwenyewe hangoji lori la msaada ili apate pa kuulaza ubavu.

Wanafunzi wenzangu, tunapomaliza shule wengi wetu tunatazama Nairobi na ng'ambo kana kwamba elimu iko huko pekee. Ni kweli iko huko, nami naitamani. Lakini hata hapa iko, mikononi mwa fundi ambaye hajawahi kuchora ramani, na katika fundo la bikizee ambaye hajakanyaga darasa. Mwaka 2018 mafundi wa hapa hapa Lamu waliteremsha baharini chombo cha mita 9 kilichoundwa kwa takataka za plastiki, Flipflopi, na mwaka 2019 kikasafiri hadi Unguja. Ufundi ulikuwa ule ule wa mababu, mali ghafi ndiyo ilikuwa mpya. Tuwakalie karibu wazee hao na madaftari yetu wazi, tuwaulize, tupime, tuhesabu, kabla fito hazijakauka. Ninatia nanga hapa.